Kipaumbele katika ajira za serikali Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanaletwa na wahitimu wanaosaka kazi, wazazi wao, na watumishi walioko kazini tayari. Mengi yanazunguka neno moja: kipaumbele. Watu wengi wanaamini kuna mlango wa pembeni ambao wao hawajaonyeshwa. Nimejibu kila swali lijitegemee, ila pale majibu yanapogusana nimekuelekeza kwenye namba ya swali jingine. Yote yanahusu utumishi wa umma Tanzania Bara na taasisi za Muungano. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina sheria yake ya utumishi na tume yake.

## Mambo ya msingi

1. Nani hasa anaajiri serikalini?

Mwajiri ni wizara, wakala, taasisi au halmashauri utakayofanyia kazi. Anayeendesha mchakato wa kukupata, kwa nafasi nyingi, ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Chombo hiki kiliundwa na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Kinatangaza nafasi, kinapokea maombi kupitia Ajira Portal (mfumo wake wa mtandaoni), kinasaili, kisha kinawapangia waliofaulu vituo vya kazi.

Si kila nafasi inapita huko. Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wana utaratibu wao, JWTZ (jeshi la ulinzi) vilevile, na mahakimu wanashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Halmashauri nazo hutangaza zenyewe baadhi ya nafasi, kama mtendaji wa kijiji au dereva, pale zinapopewa kibali. Walimu zamani walipangwa na OR-TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na halmashauri) bila usaili, lakini tangu Januari 2025 nao wameketi kwenye usaili wa Sekretarieti kama kada (fani za kazi) nyingine.

2. Ikama ni nini, na kwa nini kila afisa utumishi anaitaja?

Ikama ni idadi ya watumishi ambao taasisi imeruhusiwa kuwa nao, kwa kada na kwa cheo, ikiwa na fedha za kuwalipa. Inaandaliwa pamoja na bajeti na kuidhinishwa na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ambayo kila mtu huiita Utumishi.

Ukielewa ikama umeelewa nusu ya ukurasa huu. Shule inaweza kuwa na mwalimu mmoja wa hisabati kwa wanafunzi mia nane, mkuu wa shule akalia kila wiki, na bado mkurugenzi wa halmashauri asiweze kuajiri mtu hata mmoja. Upungufu upo, lakini nafasi kwenye ikama haina fedha, au fedha zipo na kibali cha ajira hakijatoka. Kwa hiyo ukiambiwa “nafasi hakuna” mahali ambapo kwa macho yako kazi imejaa, usidhani moja kwa moja kwamba umedanganywa. Uliza hivi: nafasi hiyo ipo kwenye ikama ya mwaka huu wa fedha? Kibali kimeshatoka? Maswali hayo mawili yatakupa jibu la kweli kuliko mwezi mzima wa kupiga simu kwa watu unaowafahamu.

3. “Ajira mpya” na “ajira mbadala” zina tofauti gani?

Ajira mpya inaongeza mtu kwenye ikama. Ajira mbadala inajaza pengo la mtumishi aliyestaafu, aliyefariki, aliyeacha au aliyefukuzwa kazi. Kwako wewe mwombaji tofauti ni ndogo, kwa kuwa zote zinahitaji kibali na zote zinatangazwa.

## Nani ana kipaumbele

4. Je, sheria inampa mtu yeyote kipaumbele?

Ndiyo, lakini orodha ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Anza na Katiba. Ibara ya 22(2) inampa kila raia fursa na haki sawa, kwa masharti ya usawa, ya kushika nafasi yoyote ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Hiyo ndiyo kanuni. Kipaumbele chochote kinahitaji msingi wake unaoeleweka.

Misingi iliyo wazi ni miwili. Wa kwanza ni watu wenye ulemavu: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Wa pili ni mgawo wa nafasi katika taasisi za Muungano, uliokubaliwa baina ya serikali zetu mbili: asilimia 79 Bara na asilimia 21 Zanzibar. Mgawo huu hauhusu halmashauri wala wizara zisizo za Muungano.

Mengine unayoyasikia, kama JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kujitolea, kuzaliwa wilayani au kuwa mtoto wa mtumishi, yana majibu yake hapa chini, na mengi hayatakupendeza.

5. Nina ulemavu. Hiyo asilimia 3 inanifikiaje?

Ianze kukufikia kwa wewe kujitaja. Matangazo ya Sekretarieti yanawataka waombaji wenye ulemavu waainishe ulemavu walionao ndani ya mfumo. Wengi wanaruka sehemu hiyo wakihofia kubaguliwa. Hofu hiyo naielewa kabisa, maana wengi wameumizwa huko nyuma. Lakini ukiiacha wazi, mfumo unakuhesabu kama mwombaji mwingine yeyote, na ukifika kwenye chumba cha usaili hakuna aliyejiandaa na maandishi makubwa, mkalimani wa lugha ya alama wala chumba cha ghorofa ya chini.

Sifa za kielimu hazipunguzwi. Unatakiwa kukidhi vigezo vya kada kama wengine, na kinachobadilika ni jinsi unavyozingatiwa ukishakidhi. Wajibu huo wa asilimia 3 ni wa mwajiri, na hauishi kwa kusema “hawakuomba”. Kama wewe ni afisa utumishi na unasoma hapa, tafadhali hesabu watumishi wako leo. Halmashauri yenye watumishi 2,000 inatakiwa kuwa na angalau 60 wenye ulemavu. Ukiona umefika kumi na wawili, una kazi ya kufanya kabla ya ikama ijayo.

6. Nimemaliza mkataba wa JKT. Si ndiyo tayari nina ajira?

Hapana. Matangazo ya JKT yenyewe huandika bayana kwamba jeshi hilo halitoi ajira kwa vijana wanaojiunga wala halihusiki kuwatafutia kazi kwenye vyombo vya ulinzi au mashirika, bali linawapa mafunzo ya kuwawezesha kujiajiri. Ni kweli kwamba baadhi ya matangazo ya vyombo vya ulinzi na usalama huweka cheti cha JKT kama sharti, na hapo kinakufungulia mlango ambao asiye nacho hawezi kuupita. Hiyo ni sifa ya kuomba tu. Kwa nafasi ya mhasibu wa halmashauri, cheti cha JKT hakikutangulizi mbele ya mtu yeyote.

7. Nimejitolea miaka mitatu kwenye zahanati. Wanapoajiri si wataanza na mimi?

Hili linauma, kwa sababu watu wanaouliza wamezalisha akina mama usiku wa manane bila mshahara. Jibu ni kwamba kujitolea hakukupi haki ya nafasi. Zahanati ikipata kibali, nafasi inatangazwa kwa nchi nzima, na anayeletwa anaweza kutoka mkoa mwingine kabisa. Soma tangazo husika: likitaja kujitolea kama kigezo au kama nyongeza, ambatisha barua ya utambulisho iliyosainiwa na kugongwa mhuri, inayoonyesha tarehe ya kuanza na kumaliza. Lisipotaja, uzoefu huo unakusaidia kwenye mahojiano tu, pale unapoulizwa ungefanya nini mgonjwa akifika hali yake ikiwa mbaya nawe uko peke yako.

Kwa maoni yangu serikali inapaswa kuliwekea jambo hili kanuni moja ya kudumu, badala ya kuliacha libadilike tangazo hadi tangazo. Na mganga mfawidhi asimwahidi kijana nafasi ambayo hana mamlaka ya kuitoa.

8. Baba alikuwa mtumishi na amefariki kazini. Familia inaweza kupewa nafasi yake?

Nafasi ya kazi hairithiwi. Inarudi kwenye ikama kama nafasi wazi na kujazwa kwa ajira mbadala (swali la 3). Haki ya familia iko kwenye mafao: nendeni PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) mkiwa na cheti cha kifo na nyaraka za usimamizi wa mirathi, na mwajiri wake awasaidie kukamilisha jalada lake.

9. Nafasi iko wilayani kwetu. Wazawa hawatangulii?

Hawatangulii. Rudi kwenye Ibara ya 22(2) niliyoitaja kwenye swali la 4.

## Maombi na usaili

10. Nina miaka 46. Bado naweza kuomba?

Matangazo ya Sekretarieti yanaweka ukomo wa miaka 45 kwa anayeingia, isipokuwa kwa mtu ambaye tayari yuko kazini serikalini. Ukipiga hesabu utaona mantiki yake: umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60, na pensheni ya PSSSF inahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Anayeingia akiwa na miaka 46 angestaafu bila kufikisha.

11. Kwa nini maombi yangu yanakataliwa wakati nina sifa zote?

Mara nyingi tatizo ni viambatisho. Haya ndiyo yanayowaangusha watu:

- Kuweka hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita badala ya cheti chenyewe. Matokeo ya muda na barua za kuthibitisha kuhitimu havikubaliwi pia.
- Cheti cha kuzaliwa ambacho hakijathibitishwa na wakili.
- Vyeti vya nje ya nchi ambavyo havijapata ithibati ya TCU (vyuo vikuu), NECTA (sekondari) au NACTVET (vyuo vya kati na ufundi), kulingana na ngazi.
- Maelezo binafsi yasiyo na wadhamini watatu.
- Barua ya maombi isiyosainiwa, au iliyoandikwa kwa nafasi nyingine kabisa. Hii hutokea kwa anayeomba nafasi tano usiku mmoja.

Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal usome hali ya ombi lako kabla ya kulalamika popote. Nimekaa na vijana waliokuwa na hakika kwamba wameonewa, tukafungua akaunti pamoja, tukakuta wamepakia ukurasa wa pili wa cheti bila ule wa kwanza.

12. Majina yangu yanatofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho cha taifa (NIDA). Nifanye nini?

Lishughulikie sasa, kabla hujaitwa. Tofauti inayotokana na kubadili jina, kwa mfano baada ya ndoa au kubadili dini, inahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kosa la herufi lililofanywa na ofisi linarekebishwa kwenye ofisi iliyolifanya. Usimwombe mtu “akurekebishie” cheti mtaani. Hapo umetoka kwenye tatizo la jina na kuingia kwenye kughushi (swali la 24).

13. Nimeitwa kwenye usaili. Nibebe nini, na nauli ni ya nani?

Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Beba vyeti halisi kuanzia kidato cha nne kwenda juu, cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho. Wanakubali cha NIDA, cha mpiga kura, hati ya kusafiria, leseni ya udereva, na hata barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Kama kada yako inasimamiwa na bodi ya kitaaluma, beba cheti cha usajili na leseni ya kazi. Nakili namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti mapema.

Hakikisha pia anwani ya makazi ya sasa kwenye akaunti yako ni ya kweli. Usaili wa kuandika siku hizi unafanyika mikoani, na mfumo unakupanga kwa anwani uliyoandika. Kuna waliohama Mwanza kwenda Mbeya bila kubadilisha anwani, wakalazimika kusafiri nchi nzima kwa mtihani wa saa moja.

14. Nilifaulu usaili lakini sikupangiwa kituo. Jina langu limepotea?

Halijapotea. Waliofaulu wakazidi nafasi zilizokuwepo huhifadhiwa kwenye kanzidata, na mwajiri mwingine akipata kibali cha kada ileile anaweza kupangiwa mtu kutoka huko bila usaili mpya. Ndiyo maana matangazo ya kuitwa kazini huandika kwamba orodha inajumuisha baadhi ya waliokuwa kwenye kanzidata. Kukaa humo ni kwa muda tu, na hakukukatazi kuomba tangazo jipya likitoka. Omba. Na simu uliyoandika kwenye akaunti iwe inapatikana.

15. Kuna mtu anasema nitoe fedha aniingize kwenye orodha.

Usitoe. Kuomba nafasi kupitia Ajira Portal ni bure. Anayedai fedha ama ni tapeli ama ni mla rushwa, na katika hali zote mbili piga TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) kwa namba 113.

## Kwa walioko kazini

16. Mimi ni mtumishi tayari. Naruhusiwa kuomba nafasi nyingine iliyotangazwa?

Inategemea unakotoka na unakokwenda. Kama uko kwenye cheo cha kuingilia na unataka nafasi nyingine ya kuingilia, matangazo yanakuzuia kwa kurejea Waraka Na. CAC.45/257/01/D/140 wa tarehe 30 Novemba 2010. Lengo ni kwamba nafasi za kuanzia ziwafikie wasio na kazi. Kama umepata sifa za kuingia kwenye muundo (ngazi za vyeo vya fani moja) tofauti na cheo ulichonacho, unaweza kuomba, lakini barua yako ipitie kwa mwajiri wako.

Wapo wanaoficha utumishi wao na kuomba kama raia wasio na kazi. Hilo linagundulika mapema sana: ukiwa na cheki namba (namba yako ya mshahara serikalini), taarifa zako ziko kwenye mfumo wa utumishi na mishahara, na mwajiri mpya akijaribu kukuingiza mfumo unakukataa.

17. Nimejisomesha, sasa nina shahada. Nitapandishwa lini?

Shahada haikupandishi yenyewe. Unachoomba kinaitwa kubadilishiwa kada au muundo, na kinategemea ikama (swali la 2). Andika barua kwa mwajiri, ambatisha cheti, uliza kama nafasi imewekwa kwenye ikama ya mwaka ujao wa fedha. Muda mzuri wa kuuliza ni wakati ikama inaandaliwa, kwa sababu baada ya Julai mosi afisa utumishi hana la kukufanyia hadi mzunguko ujao. Fahamu pia kwamba kwenye muundo mpya unaanzia cheo cha kuingilia. Kama mshahara wa zamani ulikuwa mkubwa zaidi, unaweza kubaki nao kama mshahara binafsi hadi cheo kipya kiufikie.

Shauriana na mwajiri kabla ya kwenda kusoma. Anayesoma fani isiyohitajika na taasisi yake anarudi na cheti kizuri kisicho na nafasi.

18. Kipindi cha majaribio ni muda gani?

Miezi 12, kisha unathibitishwa kazini. Barua ya kuthibitishwa usiache kuifuatilia. Isipokuwemo kwenye jalada lako, itakukwamisha siku ya kupanda cheo.

19. Nimekaimu ukuu wa idara miaka miwili. Cheo si changu sasa?

Si chako. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka kukaimu nafasi iliyo wazi kusizidi miezi sita. Kwa hiyo mwajiri anayekukaimisha miaka miwili anakwenda kinyume, lakini kosa lake halikugeuzi kuwa mkuu wa idara. Unachoweza kudai kwa maandishi ni mambo mawili: posho ya kukaimu kama ulikaimishwa kwa barua ya mamlaka husika, na uamuzi wa ama kuthibitishwa ama nafasi kujazwa. Kukaimu kwa mdomo, bila barua, kutakupa kazi na lawama tu. Omba barua siku ya kwanza.

20. Nataka kuhamia alipo mwenza wangu. Ni haki yangu?

Kumfuata mwenza ni sababu inayokubalika, ambatisha cheti cha ndoa, lakini si amri kwa mwajiri. Unakokwenda kuwe na nafasi kwenye ikama, na unakotoka wakuachie. Ndiyo maana uhamisho wa kubadilishana, mtumishi kwa mtumishi wa kada moja, hupita kirahisi zaidi: ikama za pande zote mbili hazitikisiki. Uhamisho ulioomba mwenyewe unajigharamia. Maombi yanapita kwa mwajiri na kwenye mfumo, na yeyote akikuambia ana njia ya mkato, rudi swali la 15.

## Hali zisizo za kawaida

21. Idara yetu ina watu waliozidi. Tutaachishwa?

Hatua ya kawaida ni msawazo, yaani waliozidi kuhamishiwa kwenye upungufu. Hapo uhamisho ni wa mwajiri, hivyo stahiki za uhamisho ni zako, tofauti na swali la 20.

22. Nimestaafu lakini nina nguvu. Naweza kuomba tena?

Mstaafu wa utumishi wa umma haruhusiwi kuomba nafasi hizi isipokuwa ana kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

23. Nimefukuzwa kazi na naamini nimeonewa. Nianzie wapi?

Anza kuhesabu siku. Rufaa kwenda Tume ya Utumishi wa Umma inatakiwa ndani ya siku 45 tangu upokee uamuzi, na usiporidhika na uamuzi wa Tume unakwenda kwa Rais. Usikimbilie CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) au mahakamani kwanza. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, kinakutaka umalize ngazi hizi za ndani kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi. Watumishi wengi wamepoteza mashauri mazuri kwa sababu hiyo tu, na walipogeuka kurudi kwenye Tume siku 45 zilikuwa zimekwisha. Peleka rufaa na nakala zake, chukua uthibitisho wa kupokelewa, andika tarehe.

24. Niliajiriwa kwa cheti cha kaka yangu, miaka kumi iliyopita. Hakuna aliyegundua.

Tarehe 28 Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti yenye majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengi wao walikuwa na miaka mingi kazini, wengine wakiwa karibu kustaafu. Miaka kumi ya ukimya haikuhalalishii kitu. Usisubiri uhakiki mwingine: mtafute wakili wiki hii, mweleze yote bila kuficha, akushauri jinsi ya kujiondoa na nini kitatokea kwa michango yako ya pensheni. Na kama kaka yako naye anatafuta kazi kwa cheti hichohicho, mwambie leo, kwa sababu akijisajili kwenye mfumo atakutana na jina lake likiwa tayari lina cheki namba.